Tabora 1916: serikali ilipoishiwa chenji

Kila baada ya miezi kadhaa lazima mtu anitumie picha ya ile sarafu ya tembo, ya dhahabu, iliyofyatuliwa Tabora 1916 enzi za Mjerumani. Mara ni ya marehemu babu yake, mara kaiokota shambani kipindi cha kulima, mara kuna jamaa kashuka nayo mjini anataka milioni kadhaa keshi na anasema ana wateja wengine wanasubiri. Swali huwa lile lile, "kaka hii bei gani?", na nikianza kueleza ilikotoka mtu anakuwa keshapotea, anachotaka ni bei tu. Haya, leo naandika kisa kizima mara moja, nikiulizwa tena natuma hiki.

Nianze kwa kusema kitu ambacho wengi hawatakipenda. Ule tembo wa dhahabu ndio sehemu ndogo kuliko zote kwenye hii stori. Anapendeza, ana bei, kila mtu anamjua, lakini ukitaka kuelewa watu waliishije kwenye Vita Kuu ya kwanza huku kwetu, upande uliokuwa chini ya Mjerumani, acha dhahabu uangalie shaba na karatasi, maana hivyo ndivyo vilivyokuwa mikononi mwa watu.

Kwanza tujue hela ilikuwaje kabla ya vita. Na hapo hapo kwenye neno "hela" pana stori. Pesa ya koloni ilikuwa rupia, ile ya kufuata mfumo wa India, kwa sababu biashara yote ya pwani kuanzia Unguja mpaka bara ilishazoea rupia tangu zamani. Mwanzoni rupia moja ilikuwa na pesa 64 (ndiyo, "pesa" nayo ilikuwa sarafu, kijisarafu cha shaba). 1904 Mjerumani akabadilisha, akasema hesabu za 64 zinachosha, rupia moja sasa ni heller 100. Watu hawakuhangaika na heller, wakaita hela. Serikali iliyoleta hilo neno ilishaondoka zaidi ya miaka 100 iliyopita, sarafu yenyewe haipo, ila mpaka leo mtu akikwama anasema "sina hela", na sidhani kama wengi wanajua wanataja sarafu ya Kijerumani.

Sasa hizo sarafu zilikuwa zinafyatuliwa Ulaya, Berlin na Hamburg, zinapakiwa melini zinakuja. Kulikuwa na rupia za fedha (yaani silva, yale madini meupe) zenye sura ya Kaiser, mfalme wa Ujerumani, na kofia yake yenye tai juu, kulikuwa na nusu na robo, chini yake hela za shaba, na zile za hela 5 na hela 10 zenye tundu katikati ambazo watu walikuwa wanatunga kwenye kamba. Noti zilikuwepo, kulikuwa na benki inaitwa Deutsch-Ostafrikanische Bank tangu 1905, lakini noti ndogo kabisa ilikuwa ya rupia 5. Hiyo ya rupia 5 ina picha ya simba wawili. Shika hili, noti ndogo kuliko zote ilikuwa rupia 5, tutalirudia baadaye kwa sababu ndipo tatizo lilipojificha.

Rupia 5 kwa mtu wa kawaida ilikuwa pesa ya maana. Kodi ya nyumba ilikuwa rupia 3 kwa mwaka na kuna watu walikuwa wanakimbilia porini kwa sababu ya hizo rupia 3. Vibarua wa mashambani walikuwa wanafanya kazi kwa kipande, yaani kadi ya siku 30, ukimaliza siku 30 ndipo unalipwa, na unacholipwa ni kama rupia kumi na kitu. Kwa hiyo noti ilikuwa kitu cha wafanyabiashara, makarani na Wazungu. Mwananchi alikuwa mtu wa sarafu, anaijua kwa uzito, anaijua kwa mlio ikianguka kwenye jiwe. Fedha ni fedha, hata Kaiser akifa bado ni fedha.

Agosti 1914 vita ikaanza. Tarehe 8 meli ya Waingereza ikapiga mnara wa redio pale Dar es Salaam, na kuanzia hapo bahari ikafungwa, manowari za Uingereza zinazunguka pwani yote kuanzia Tanga mpaka Mtwara. Meli mbili tu za mizigo zilifanikiwa kupenya kutoka Ujerumani kwenye vita nzima, moja Aprili 1915 kaskazini ya Tanga ikapigwa mpaka ikakaa chini ikabidi mzigo uopolewe majini, nyingine Machi 1916 kule ghuba ya Sudi, Lindi. Mzigo wake ulikuwa silaha, risasi na vitu vya jeshi. Watu wengi wakihadithia hii vita wanarukia mapigano ya Tanga na nyuki waliowavamia askari vitani, sawa, nyuki walikuwepo kweli, lakini kwa mama muuza unga wa Tabora habari kubwa haikuwa nyuki. Habari kubwa ilikuwa dukani kwa Muhindi hakuna merikani.

Merikani kwa wasiojua ni ile shuka nyeupe ya pamba iliyokuwa inatoka Marekani, ikaja kuigwa na wengine lakini jina likabaki. Na kaniki, ile nyeusi ya buluu. Hivi ndivyo vilikuwa vitu ambavyo mtu wa bara alikuwa anatafutia pesa. Kulipa kodi ni lazima, lakini ukiondoa kodi, pesa ilikuwa na maana kwa sababu ukienda nayo dukani unarudi na kitambaa, chumvi, jembe, shanga. Sasa vitambaa vilivyokuwa madukani vikaisha na hakuna vingine vinavyokuja, bei ikapanda, halafu vikaisha kabisa. Nadhani hiki ndicho watu wengi wanaoandika kuhusu sarafu za Tabora wanakiruka. Wanasema "wananchi walikuwa hawaamini noti" kana kwamba wananchi walikuwa washamba. Hapana bwana. Noti inaaminika pale ambapo kuna kitu cha kununua. Ukinipa karatasi na duka halina kitu, umenipa karatasi.

Huku kwenye kukosa vitu ndiko kuna mambo ya kushangaza kweli, na hapa ngoja nikae kidogo. Pale Amani, milima ya Usambara, kulikuwa na kituo cha utafiti wa mimea tangu 1902, sehemu tulivu kabisa, wanapanda miti kutoka dunia nzima wanaangalia ipi itaota. Vita ilipokuja ile bustani ikageuka kiwanda. Walikuwa na mikwinini, wakawa wanatengeneza kwinini kwa ajili ya malaria. Wakatengeneza sabuni, mishumaa, mafuta ya mbarika, unga wa kusugulia meno, chokoleti, na pombe kali wanayoiita wiski, inatajwa zaidi ya chupa elfu 15. Najiuliza ile wiski ilikuwa na ladha gani. Baadaye jeshi liliporudishwa kusini wakapoteza Amani, wakaanza kuchemsha magome ya mkwinini wanakunywa maji yake, machungu kupita kiasi, askari wakaipa jina la kamanda wao, Lettow-Vorbeck, wakaiita Lettow-Schnapps (schnapps ni pombe kali ya Kijerumani). Gari zilikuwa zinatembea kwa mafuta yaliyotolewa kwenye nazi. Viatu vya ngozi ya ng'ombe na ya wanyama wa porini, ngozi imelainishwa kwa maganda ya mikoko kutoka pwani. Nguo za jeshi zilifumwa huku huku kwa pamba ya huku huku na kutiwa rangi ya magome ili ziwe kakhi. Na Wanyamwezi na Wafipa wao walikuwa wanafuma vitambaa vya pamba tangu enzi, kazi ambayo merikani ndiyo ilikuwa imeiua taratibu, sasa mtu aliyekuwa bado anajua kusokota uzi akawa na soko tena.

Chumvi ilikuwepo, bahati nzuri, Uvinza ina chumvi yake na reli inapita. Nta na asali Tabora haikuwahi kukosa. Kwa hiyo hawakufa kwa kukosa kila kitu. Kilichokosekana ni vile vya kutoka nje, na kimoja kati ya hivyo vya kutoka nje, ambacho watu hawakifikirii, ni sarafu zenyewe. Sarafu nazo zilikuwa zinaagizwa kama merikani.

Na hapo hapo mahitaji ya sarafu ndiyo yanapanda. Vita inaanza jeshi lina askari kama 2,500, likaja kufika zaidi ya 11,000 ukiacha Wazungu kama 3,000. Hao wote wana mishahara. Juu yao kuna wapagazi, maelfu kwa maelfu, kuna wapishi, kuna wake wa askari (askari wa Mjerumani alikuwa anatembea na familia, hiyo ilikuwa kawaida), kuna unga wa kununua vijijini, kuku, ng'ombe, mtama. Serikali inatoa sarafu kila siku. Sarafu hazirudi. Kwa nini hazirudi? Kwa sababu dukani hakuna kitu, kwa hiyo aliyepata rupia ya fedha haendi kuitumia, anaifukia. Chini ya jiko, chini ya kitanda, kwenye chungu. Wafanyabiashara nao wanafanya hivyo hivyo. Mtu mwenye rupia ya fedha na noti mkononi atatoa noti kwanza, ndivyo binadamu alivyo, hata wewe ukiwa na noti mbovu iliyochanika ndiyo unampa konda.

Kwa hiyo fedha ikapotea mtaani. Ilikuwa ipo, imelala ardhini, na bila shaka nyingine ipo mpaka leo.

Jibu la kwanza la serikali lilikuwa karatasi. Kuanzia 1915 benki ikaanza kutoa noti za muda zilizochapwa humu humu nchini, Dar es Salaam halafu Tabora. Na hapa rudi kwenye kile nilichokwambia ushike. Kabla ya vita noti ndogo ilikuwa rupia 5. Sasa zikatoka noti za rupia 1. Yaani karatasi ikashuka mpaka kwa mtu ambaye hajawahi kuishika, kwa mpagazi, kwa muuza mihogo. Halafu ziangalie hizo noti zenyewe. Ile ya zamani ya simba ilichapwa Ujerumani, ina michoro mizuri. Hizi za vita karatasi yoyote iliyopatikana, moja ya kijivu nyingine ya kahawia nyingine kama ya kufungia bidhaa, maandishi ya kawaida tu ya mashine ya kuchapia, namba, sahihi za makarani kwa wino wa mkono. Na ilizidi kuwa hivyo, kufika 1917 wakiwa porini kusini walichapa noti kwa mihuri ya mpira, zile wakusanyaji wanaziita noti za porini, ukiziona unaweza kudhani mtoto wa darasa la tatu alikuwa anacheza.

Mvua moja tu, jasho la safari moja, noti imekwisha. Mpagazi aibebe wapi? Hana mfuko wenye zipu. Sarafu yenye tundu unafunga kwenye ncha ya shuka unalala nayo.

Na kulikuwa na hili la chenji, ambalo ndilo moyo wa kisa. Hata kama mama muuza unga ameikubali noti ya rupia 1, unga wa hela 15 atakurudishia nini? Ile miaka rupia 1 unakula siku kadhaa. Hana hela ndogo za kurudisha, mwenzake wa pembeni hana, Muhindi anazo ila hatoi. Kwa hiyo ama ununue unga wa rupia nzima, ama akukopeshe, ama urudi na njaa yako. Soko linaweza kukwama kabisa wakati unga upo na pesa ipo. Mtu aliyewahi kukaa stendi asubuhi na noti ya elfu kumi akitafuta nauli ya mia tano anajua ninachosema.

Kufika mwanzoni mwa 1916 makao ya serikali yalikuwa yanahamia Tabora, Gavana Schnee na makarani wake, kwa sababu pwani haikuwa salama tena. Tabora ilikuwa na faida tatu. Iko mbali na bahari. Ni mji mkubwa wa biashara tangu enzi za misafara, Wanyamwezi, Waarabu, Waswahili, Wahindi wote wapo. Na reli ya kati ilishafika tangu 1912, kwa hiyo kulikuwa na karakana ya reli, mafundi, mashine za kukata na kukandamiza chuma. Wakaigeuza karakana ya treni kuwa kiwanda cha sarafu.

Malighafi? Shaba ya njano ya maganda ya risasi na mizinga, yakiwemo ya ile manowari ya Kijerumani, Königsberg. Hii meli ilikuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji mpaka ikamalizwa Julai 1915, mabaharia wakafungua mizinga yake yote 10 wakaikokota nchi kavu ikaenda kupigana mpaka ikaisha, na maganda yake nayo yakaliwa na soko. Vyuma chakavu vingine vya shaba pia, na nyingine zilitoka kwa shaba nyekundu. Kikapatikana kitu kinaitwa hela 20, na kidogo chake cha hela 5.

Nina moja ya hela 20 hapa, ya shaba ya njano, niliinunua kwa bei ya chakula cha mchana. Ni kubwa na nzito kuliko unavyotegemea. Upande mmoja kuna taji la Kaiser, chini 1916 na herufi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, jina la koloni), halafu T ndogo, T ya Tabora. Upande wa pili namba 20 na Heller, na matawi ya majani. Sasa iweke karibu na hela ya Berlin ya 1913 uone tofauti, ile ya Berlin kila herufi imekaa mahali pake, hii ya kwangu taji limesogea upande, kuna mstari umevimba kutoka ukingoni mpaka karibu na namba 2, hiyo ni alama kwamba chuma cha kugongea kilikuwa kimepasuka na fundi akaendelea kugonga tu kwa sababu hakuna kingine. Kwenye ukingo imebonyea kidogo. Wakusanyaji wanazitenganisha kwa ukubwa wa taji, taji kubwa, taji dogo, maana vyuma vilikuwa vinaharibika vinachongwa vingine na kila fundi na mkono wake.

Lakini angalia akili iliyotumika kuchagua hela 20. Tano zake ni rupia. Ukiwa na hela 20 na hela 5 mfukoni unaweza kulipa karibu bei yoyote ya sokoni, na zile noti za rupia 1 ambazo zilikuwa zimekwama ghafla zinapata chenji. Huyu aliyeamua hivi alikuwa anaelewa soko. Orodha za wakusanyaji zinataja hela 20 za shaba ya njano kama milioni 1.6, za shaba nyekundu kama laki 3, na hela 5 nazo kama laki 3. Kwa karakana ya treni, ndani ya miezi michache, vita ikiwa inakuja, hiyo ni kazi kubwa.

Na tembo sasa. Aprili 1916 wakaanza kufyatua rupia 15 za dhahabu. Dhahabu ilitoka Sekenke, huko Iramba, Singida ya leo. Upande mmoja tai wa Kijerumani, upande wa pili tembo kainua mkonga na nyuma yake mlima, watu wanasema ni Kilimanjaro. Inatajwa kuwa aliyemchonga tembo ni sonara wa kutoka Ceylon, na ukimwangalia yule tembo unaona ni mkono wa mtu wa vito. Zilitoka 16,198 tu.

Fanya hesabu. 16,198 mara rupia 15 ni rupia laki 2 na elfu 43 hivi. Hela 20 milioni 1.9 ni rupia laki 3 na elfu 80. Kumbe yale maganda ya mizinga yalizidi dhahabu hata kwa thamani ya jumla, achilia mbali kwamba kila tembo alikuwa kwenye mfuko wa mtu mmoja wakati thamani yake kwa shaba ni vipande sabini na tano vya hela 20, kwenye mifuko ya watu sabini na tano.

Halafu nani anatembea na rupia 15 za kipande kimoja? Huo ni mshahara wa mwezi wa kibarua. Huwezi kununua nao unga. Tembo alitengenezwa kwa ajili ya wale wenye kuchagua, wenye duka, Mjerumani mwenye shamba, ili waone serikali bado ina kitu. Na hata hapo kuna kaujanja. Rupia 15 zilihesabika sawa na mark 20. Sarafu ya mark 20 ya Ujerumani ina dhahabu tupu gramu 7.168. Tembo wa Tabora ana uzito wa gramu hizo hizo 7.168, lakini dhahabu ni robo tatu tu, kama gramu 5.4, iliyobaki ni madini mengine. Ukiipima kwenye mizani inakubali, ukiiyeyusha imepungua robo. Sisemi ni wizi, vita ni vita, ila watu wanaodhani wakati wa shida hata pesa za Mjerumani zilikuwa dhahabu safi wajue hivyo.

Septemba 1916 Wabelgiji wakafika wakitokea Kongo, jeshi la Jenerali Tombeur, na mapigano kuzunguka mji yakaanza tarehe 8. Tarehe 19 Tabora ikaanguka, Wajerumani walikuwa wameshatoka usiku kuelekea kusini-mashariki. Dar es Salaam ilikuwa imeshachukuliwa na Waingereza tarehe 4 mwezi huo huo. Kiwanda cha sarafu kikaishia hapo, hakikumaliza hata mwaka.

Na asubuhi ya tarehe 20 ndiyo asubuhi ninayoifikiria mimi. Mwenye tembo ana dhahabu, dhahabu haiulizi bendera. Mwenye rupia ya fedha anaifukua, rupia ya Mjerumani na ya India uzito wake mmoja, Muingereza naye alikuwa anatumia rupia, kwa hiyo shida haipo. Mwenye hela 20 ana shaba, angalau sonara na mhunzi wataipenda, bangili zimetoka humo. Mwenye noti ya rupia 1 yenye sahihi ya karani ambaye hajulikani yuko wapi, huyo ana nini? Na ni nani alikuwa nazo kwa wingi? Siyo mwenye shamba. Ni yule aliyeuza ng'ombe kwa jeshi akalipwa karatasi, mpagazi, mwanakijiji aliyekuja kuchukuliwa ghala lake la mtama na kuachiwa noti mlangoni kwa kistaarabu. Vita ililishwa kwa mkopo, na hao ndio waliokopwa.

Ukitaka kuona bili ilivyofika fuata reli hiyo hiyo uelekee mashariki mpaka Ugogo. Majeshi ya pande zote mbili yalipita, ng'ombe wakachukuliwa, nafaka ikachukuliwa, vijana wakachukuliwa upagazi, halafu mvua ikagoma. Ile njaa Wagogo wanaiita Mtunya, ilianza kuelekea mwisho wa vita ikapitiliza mpaka baada ya 1918, na homa kubwa ya dunia nayo ikaingia humo humo. Wanahistoria wanakadiria walikufa kama 30,000 kati ya watu 150,000. Pale ukiwa na noti, ukiwa na shaba, ukiwa na tembo, mtama haupo.

Kuna deni lingine la karatasi lilichelewa zaidi. Lettow-Vorbeck alisalimu amri Novemba 1918 kule Abercorn, Zambia ya leo, na askari wake walikuwa wanadai mishahara, wengine wakapewa vyeti. 1964, ndiyo, miaka karibu 50 baadaye, Ujerumani Magharibi ikaamua kuwalipa waliobaki. Inasimuliwa kwamba Mwanza walijitokeza wazee kama 350, wachache tu ndio wenye vyeti, kwa hiyo mtu wa benki akawa anampa kila mzee fagio, anatoa amri za gwaride kwa Kijerumani, na hakuna aliyekosea. Sijui nicheke au nini hapo. Mpagazi yeye hakuwa na gwaride la kukumbuka.

1920 Waingereza wakaleta florini, haikudumu, 1921 ikaja shilingi, rupia ikaondoka mdomoni pole pole na sarafu za Tabora zikaishia kwenye shanga za watoto, kwenye vikapu vya bibi, kwa masonara. Hela ikabaki neno.

Sasa turudi kwa jamaa wa picha. Wengi wa hao tembo wanaoletwa ni feki, na feki wengi wanajiuza wenyewe. Pima uzito kwanza, gramu 7.168, ikija 6 au 9 achana nayo. Angalia T chini ya tarehe. Angalia ukingo kama una mstari wa kuunganishia, sarafu ya kugongwa haina, ya kumiminwa kwenye ukungu inayo. Tembo wa kweli ana mikunjo kwenye ngozi, wa kumimina anakuwa laini kama sabuni. Na usimpe mtu pesa stendi, nenda kwa sonara unayemjua akiwa na mizani.

Wa mwisho aliyeniuliza alikuwa na picha mbili. Ya kwanza tembo, laini kama sabuni, nikamwambia aachane nayo. Ya pili aliipiga kwa bahati mbaya tu, ni kikapu cha mama mkwe kule Urambo, ndani kuna vifungo, sindano, na hela 20 yenye taji limekwenda upande. Nikamuuliza hiyo je. Akasema "hiyo ni shaba tu kaka, watoto wanachezea." Nikamwambia aniulizie kwa mama kama anauza. Mama amekataa.